Naomba Baa Zilizokufa Zitangazwe Zimekufa

Ndugu Mhariri,

Habari za hapo ofisini, na poleni na kazi. Mimi ni mhudumu kwenye baa ya Shangazi yangu, ile ambayo gazeti lenu liliandika kwamba ndiyo baa pekee ya zamani iliyobaki katika mji huu. Siyo kwamba nabisha. Ukuta wetu ukiuegemea, nusu yake unaondoka nayo mgongoni.

Mimi si mtu wa maneno. Shule niliiacha mapema, na kuongea naongea kidogo, kwa hiyo ukiona mtu kama mimi ameshika kalamu ujue yamenifika shingoni.

Kisa ni ule ukurasa wenu wa Baa Zetu za Zamani. Kila wiki mnaandika habari za baa iliyobomolewa, nani alikuwa anakunywa pale, nani alipigana na nani, halafu chini kabisa mnamalizia kwamba wenye kumbukumbu zaidi wakutane kwenye ile baa iliyobaki. Iliyobaki ni sisi. Wamekutana, Mhariri. Wanakutana kila siku. Na hawakuja kama wateja, wamekuja kama baa. Kila kundi la wazee limechukua kona yake, likahamishia humo baa yake iliyokufa pamoja na sheria zake zote.

Ningevumilia, maana kuvumilia ndiyo kazi ninayoiweza. Lakini kuna dada mmoja, fundi cherehani wa duka la hapo ng'ambo. Alikuwa akishafunga duka anakuja kwetu, anakaa meza ya dirishani, anakunywa soda moja huku ananyoosha vidole vilivyochoka na mkasi. Mimi nilikuwa nimeanza vizuri. Nilishamwambia karibu. Baada ya muda nikafika kwenye "leo joto." Nilikuwa najiandaa kwa sentensi ya tatu, na ndiyo ilikuwa yenyewe. Sasa fundi hana pa kukaa, haji tena, na sentensi ninayo mimi, nazunguka nayo kwenye trei.

Kwa heshima, malalamiko yangu ni haya:

1. Ghorofani. Baa hii ilikuwa juu ya duka la viatu. Wenyewe wamechukua kona ya kulia ukiingia. Kona ile iko chini kama sisi wote, sakafu ni hiyohiyo moja, lakini wao wanapanda. Mtu akifika pale anashika hewa kama ameshika chuma cha ngazi, ananyanyua mguu, anapumzika kidogo katikati, anafika, anasema, "Hizi ngazi zitakuja kuniua." Mimi nikipita moja kwa moja wananipigia kelele: "We kijana, umepenya wapi? Umetoboa sakafu?" Basi na mimi napanda. Napanda na bia, nashuka na chupa tupu. Mkubwa wao, tunamwita Mzee Kofia, anawaita wateja wengine "nyie wa huko chini," na akimenya karanga maganda anayatupa meza ya jirani, halafu anasingizia upepo wa juu. Wiki iliyopita mwenzao mmoja alizidiwa, akakosea ngazi, akaanguka. Ngazi hazipo, Mhariri, lakini goti limevimba kweli. Na Shangazi akanigeukia mimi: "Si nilikwambia wakishuka uwashike mkono?"

2. Klabu ya Makarani. Hawa wako karibu na kaunta. Zamani huingii bila kadi ya uanachama, na mpaka leo huingii. Mimi kadi sina. Kwa hiyo nasimama na trei mpakani, mwanachama anakuja kuniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia mmenituma nyinyi. Wakakaa kikao. Mwenyekiti wao ni karani mstaafu, anavaa tai hata jua liwake namna gani. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana, maombi yako tumeyapokea, ila elimu yako inatutia wasiwasi." Nikamwambia mzee, bia zinapata moto. Akasema hilo litajadiliwa kwenye mengineyo.

Hapo karibu na huyo mwenye tai kuna kiti kimoja hawakikalii, cha mwenzao aliyefariki. Wanakifuta vumbi kwa zamu. Hicho sikilalamikii. Hicho sijakiwekea namba.

3. Gizani. Baa ya Gizani haikuwa na umeme, na wazee wake wanasema hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Balbu ya kona yao wameichomoa wakanikabidhi niwatunzie. Nahudumia kwa kupapasa. Juzi nilimimina bia vizuri sana, taratibu, hata povu hakuna, ndani ya kofia ya mtu. Halafu mle hawaongei kwa sauti, maana enzi zile ndipo wanaume walipokuwa wanawakwepa wake zao. Sasa mke wa mmoja wao akaja. Mchana kweupe, akasimama mlangoni, akauliza mume wangu yuko wapi. Wote wakajibu, "Hatujamwona, mama." Na mume naye akajibu, "Hatujamwona." Yule mama hakugomba. Alipanda Ghorofani, akaagiza soda, akakaa anamwangalia kutoka juu mpaka glasi ikaisha. Mzee wa watu jasho lilimtoka humo humo gizani.

4. Dirishani. Hapa ndipo paliponiuma. Baa hii haikuwa na ndani. Ilikuwa dirisha tu, watu wanasimama nje wanapokea chupa zao. Wazee wake walipofika waliizunguka nyumba yetu yote, wanatafuta dirisha linalofanana na lao. Wakalipata lipi? Lilelile. Meza ya fundi wakaisukuma, wakaniambia hapa ni kaunta ya watu, meza ya nini. Wanasimama nje, mvua ikinyesha inawanyeshea, na wanafurahi, wanasema ndivyo ilivyokuwa. Nikawaambia wazee wangu, ndani viti vipo. Mmoja akanikata jicho: "Mimi nimekunywa dirisha hili maisha yangu yote, sijawahi kukaa. Leo ndiyo unitie aibu mbele ya wenzangu?" Kwetu alikuwa na wiki moja.

5. Kona zikawa zimekwisha. Meza ya fundi nikaiweka katikati. Alipokuja akakaa, hata soda sijafungua, makarani wakaanza kugonga meza. Kumbe katikati ni barabara. Wanasema kwa sababu baa ni nne, mtu akitoka moja kwenda nyingine ni lazima apite barabarani. Na ni kweli wanapita. Wanavaa makoti, wanaagana, wanaangalia kulia na kushoto, ndiyo wanavuka. Mwenyekiti akamwambia fundi, "Binti yangu, hapo umekaa barabarani, utagongwa." Mzee Kofia akadakia kutoka juu: "Mtoeni huyo mtoto, naona lori linakuja!" Fundi akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza ananitazama akisubiri niseme kitu. Na mimi ile sentensi yangu yote niliyoitayarisha, nikafungua mdomo ikatoka, "Samahani, kuna lori." Akachukua mkoba wake akaenda zake. Tangu siku hiyo duka akilifunga anageukia upande mwingine.

6. Shangazi hanielewi. Nimemwambia, akasema, "Nilikuwa na baa moja haina watu, sasa nina baa nne zimejaa, wewe unalilia nini?" Nikataka kumwambia ninacholilia. Akasema, "Pandisha bia, wazee wana kiu."

7. Na mimi mwenyewe nimeanza kuharibika. Asubuhi natoka chumbani kwangu najikuta natafuta chuma cha ngazi. Nakaa chumba cha chini. Juzi nimekwenda kununua sabuni, nikaingia dukani nikasimama mlangoni nasubiri mwanachama aje kunichukua. Mwenye duka akaniuliza, "Kijana, unaumwa?"

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Naomba gazeti lenu litangaze, kwenye ukurasa ule wa vifo, na picha kama mnazo, kwamba Ghorofani, Klabu ya Makarani, Gizani na Dirishani zimefariki. Zilifariki siku zilipobomolewa. Andikeni kwamba mazishi yalishafanyika, matanga yameanuliwa, na kila mtu anaombwa arudi nyumbani kwake. Kama nafasi itabaki, ongezeni kwamba baa yetu si ya zamani. Semeni mlikosea, ni mpya kabisa. Ukuta nitaupaka rangi mimi mwenyewe. Tena ikiwezekana muandike kwa herufi kubwa kwamba lile dirisha ni dirisha, na pale katikati hapajawahi kupita gari.

Najua ni jambo zito kuwafukuza watu wazima kwenye kumbukumbu zao. Lakini wao walishakuwa vijana, tena mara nne, kwa jinsi wanavyosimulia. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naanza, na nilikuwa na meza moja tu.

Nisalimie mpiga picha wenu, na wasahihishaji wote, na mlinzi wa getini. Yule dada anayepokea simu mwambie yule mtu anayepigaga halafu anakata bila kusema kitu ni mimi, na samahani. Wasalimie pia wale wanaouza gazeti barabarani, namaanisha barabara ya kweli.

Ni mimi, ninayepanda na kushuka,
Mhudumu wa baa ya Shangazi

Nyongeza: Mhariri, nilikuwa nimeshaifunga hii bahasha, nimeifungua tena. Jumamosi wamekuja wazee wa baa ya tano. Wamesoma ukurasa wenu wa wiki hii. Baa yao inaitwa Njiani. Haikuwa na jengo wala dirisha, zilikuwa meza zinazopangwa katikati ya barabara magari yakishaacha kupita. Wakauliza pale katikati pana mwenyewe? Makarani wakakaa kikao, wakakubali barabara ifungwe. Kelele zikamtoa fundi dukani kwake, akaja kuchungulia, sindano bado imechomekwa begani. Wakamvutia kiti.

Sasa Njiani wana sheria moja tu. Hakuna anayekaa peke yake, na aliyeleta kinywaji lazima akae na mnywaji mpaka kiishe. Nikaleta soda. Nikakaa. Baa zote tano zikatugeukia. Mzee Kofia akainama kutoka juu: "Sema basi, kijana! Bia tutajichukulia wenyewe!" Nikasema leo joto. Fundi akasema, "Hilo ulishaniambia. Nipe lingine." Nikamweleza habari ya bia ndani ya kofia, akacheka mpaka soda ikamtoka puani. Halafu ile iliyobaki akainywa polepole, Mhariri, tangu nianze kazi hii sijaona mtu anakunywa soda polepole namna ile. Jumapili akaja tena. Na jana. Ya jana aliiacha kidogo kwenye kitako cha glasi, akasema haijaisha.

Kwa hiyo hayo ya juu yote usiyachape. Baa hizo hazijafa, niko nazo hapa, zote zina afya. Kama kuna wazee wengine wamebaki bila baa, waleteni, tutabanana.

Ila naomba mtazame kwenye kumbukumbu zenu, kama katika mji huu hakukuwahi kuwa na baa ya zamani ambayo watu walikuwa wanafungia ndoa. Kama ilikuwepo, iandikeni upesi. Kama haikuwepo, fundi anasema nyinyi andikeni tu, wazee wataikumbuka.