Nishani Zilizochelewa Kufika Niederlohe

Miaka miwili baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, Egon Lutke alikuwa kwenye baa moja ya mji wa Niederlohe, Ujerumani, akiinywa bia taratibu ili isiishe, ndipo Traugott Wehling, mwenye bucha, akasimama kusimulia tena alivyowatimua Wafaransa. Mji mzima ulijua kwamba Wehling vita vyote alivimaliza Hanover, jikoni mwa kambi, akimenya vitunguu. Egon, ambaye mgongo ulikuwa ukimuuma kila daktari wa jeshi alipopita, hakucheka. Alisogeza kiti.

"Na nishani yako iko wapi, bwana Wehling?"

Wehling akainamisha uso. "Haikuja."

"Haikuja, au imechelewa?"

Hapo ndipo Egon alipojitambulisha kwa sauti ya chini: Kapteni von Triebnitz. Mfalme alipokimbia, alisema, masanduku ya nishani yaliachwa Berlin, naye ametumwa kuwatafuta mashujaa waliosahauliwa. Sare hakuvaa, maana siku hizi ukivaa sare vijana wanakurushia mawe. Akaonyesha Msalaba wa Chuma, nishani ya ushujaa vitani. Ulikuwa wa kweli kabisa. Alikuwa na mfuko mzima, alioununua sokoni kutoka kwa askari wenye njaa.

"Gharama yake?"

"Shujaa hatozwi kitu. Ila wakubwa zangu Berlin, maskini, wanakula maganda ya viazi."

"Paja la nguruwe lililokaushwa vizuri, je?"

"Kwa daraja la pili, linatosha."

Wehling akafikiri. "Na daraja la kwanza?"

Kufikia Jumapili, mwoka mikate na mwenye duka la dawa nao walikuwa wamekumbuka ushujaa wao. Baada ya ibada, baa ikajaa. Egon akawabandika nishani vifuani, akawapigia saluti, na nyuma yake nyama, soseji na siagi vikajaza masanduku matatu.

Ndipo akaingia mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, Ottilie Krahn, mkulima wa ng'ambo ya mto.

"Bwana kapteni, mume wangu Wendelin aliwabeba wenzake wawili chini ya risasi. Akaahidiwa nishani. Mpaka leo."

Egon akaitazama ile nguo nyeusi, akavua kofia. "Krahn! Mama, alifia mikononi mwangu, pale vitani Verdun."

Ottilie akamtazama usoni. "Alisema neno?"

"Alisema, 'Mwambie Ottilie nampenda.'"

Ottilie akafunika uso kwa leso, mabega yakatikisika. Mke wa mwoka mikate naye akalia. Egon akampa nishani bure, akajiona mtakatifu.

"Nikushukuru vipi?" Ottilie akauliza kutoka ndani ya leso. "Nina mkokoteni hapo nje. Mizigo yako tutaifikisha stesheni."

Egon, aliyekuwa akijiuliza ataibebaje, akakubali. Akabaki nyuma kidogo, maana Wehling hakutaka kumwachia kabla ya glasi ya kuagana.

Stesheni alikuta treni iko tayari kuondoka, na mwanamume mwenye mkono mmoja akisukumia sanduku la mwisho behewani. Egon akapanda, akachungulia dirishani.

"Ahsante, baba. Jina lako nani?"

"Wendelin Krahn."

Treni ikaanza kutembea.

"Lakini... ile nguo nyeusi?"

"Ya msiba wa mama mkwe," alisema Wendelin, akitembea sambamba na dirisha. "Na Ottilie nampenda kweli. Hapo hukukosea."

Egon akafungua sanduku la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Kabichi. Safi, nzito, za kutoka shambani kwa Krahn.

Njiani kurudi, nyama ikinukia chini ya magunia, Ottilie akasimamisha mkokoteni na kutoa nishani.

"Sivai kitu cha tapeli," alisema Wendelin.

"Wale vijana wawili uliwabeba, hukuwabeba?"

Wendelin akautazama mto. "Niliwabeba."

"Basi simama wima."

Akasimama. Ottilie akambandika nishani upande wa mkono uliokosekana, akalivuta koti likae sawa, wakaendelea na safari.