Jua Lilipochemka na Redio ya Baba

Jumapili, 29 Septemba 2024. Kibiti.
Kaka Ridhiwani kapiga simu kutoka Mbagala. Ati Jumamosi anakuja kumchukua Mama, akaishi kwake moja kwa moja! Kamnunulia na simu ya kupangusa. Mama mwenyewe kakubali. Anasema nyumba yetu ya kisiwani Maparoni imepoa tangu Baba afariki, hana wa kusema naye. Na mimi je? Kitindamimba wake, fundi redio, niliyebaki huku karibu! (Sijaenda Maparoni tangu Idi, lakini kazi.)

Mwaka wa tisini Mama hakujua upweke. Baba alipanda dunguni, jukwaa letu la miti shambani, kulinda mpunga, redio mapajani, na watu wakajazana chini. Ndege wanakula, sisi tunasikiliza Moscow! Harufu ya mpunga mbichi, na mtu anatusimulia theluji kwa Kiswahili. Ewe Mola, raha ile! Nimelia kidogo.

Jumatatu, 30 Septemba.
Redio ile ninayo kibandani. Miaka sasa inakoroma tu. Nimemuuliza mpwa wangu Nasma, mwalimu wa fizikia, mbona zamani ilikuwa ikinasa dunia nzima. Kasema mwaka wa tisini jua lilikuwa limechemka. Madoa tele usoni. Yakizidi madoa, hewa ya juu kabisa hupigwa na miale, ikawa inayarudisha mawimbi ya redio chini, yakafika mbali. Kila miaka kama kumi na moja jua hutulia, kisha huchachamaa tena. Na mwaka huu limechachamaa!

Akaanza kusema, “Ila Mjomba…” Sikungoja hiyo ila yake. Nilikuwa nimeshafika dukani nanunua waya. Mama akizisikia tena sauti zile, haendi Mbagala ng'o!

Jumatano, 2 Oktoba. Maparoni.
Jana boti ilinilowesha hadi kiunoni. Redio kavu, nilikuwa nimeibeba kichwani. Nimefunga waya kutoka dungu letu hadi kwenye mnazi. Alfajiri, sauti! Kiarabu, muziki, kisha Kiswahili! Nimeruka kwa furaha, ubao wa dungu ukavunjika, goti limevimba. Haidhuru.

Nimealika kijiji kesho saa tisa, jua likiwa kali. Kama jua ndilo linalosukuma sauti, tulipe nafasi lisukume. Mzee Tamimu, jirani, kauliza mbona marehemu alikuwa akipenda zaidi jioni. Nimemjibu kuwa sayansi imesonga mbele.

Alhamisi, 3 Oktoba.
Aibu! Aibu tupu!

Watu walikuja kama zamani. Mama kavaa kanga mpya, kakaa mkekani chini ya dungu. Nikawasha. Kiswahili safi! Mama akafumba macho, akatabasamu. Nikamwona kama nilivyokuwa nikimwona utotoni.

Mara sauti ikazama. Kimya! Nikazungusha kila kitufe. Nikazing'ata betri. Nikazianika juani. Wapi! Watu wakaanza kujikung'uta mchanga. Na hapo hapo simu ya Mama ikaita, wajukuu wa Mbagala hao, nyuso zao zote kiooni. Kijiji kizima kikahamia kwenye simu. Hata Mzee Tamimu!

Baadaye Mama kanicheka mpaka machozi. Kasema redio ile mwaka wa tisini ilikuwa ikinyamaza vivyo hivyo, mchana kweupe. Baba akiona watu wanainuka, alijifunika kanga akatangaza mwenyewe. Theluji ilikuwa yake. Moscow ilikuwa yeye, mtu asiyepata kuvuka Kibiti! Mama alijua siku zote. Kasema ndiyo maana alikuwa haondoki pale chini.

Mtu akizeeka huchanganya mambo.

Ijumaa, 4 Oktoba.
Nimempigia Nasma kwa ukali. Kasema jana jua lililipuka, kwetu kukiwa mchana. Likilipuka hivyo, upande wenye mchana ndio unaopigwa, na ile hewa badala ya kuyarudisha mawimbi huyameza. Simu hazikudhurika kwa sababu minara yake iko karibu. Ndiyo ile ila aliyotaka kuniambia. Mwalimu gani huyu, anaweka jambo la maana mwisho!

Mama anafunga mizigo.

Jumamosi, 5 Oktoba.
Mama kaondoka. Ridhiwani kabeba mabegi huku anapiga mluzi, mshenzi yule.

Kabla ya kupanda boti Mama kanishika mkono, hakutaka kuuachia. Kaniomba nimpigie kila jioni, nimtangazie habari za huku kama alivyokuwa akifanya Baba: nani kaoa, mpunga umesimamaje. Ati hata nikitunga, nitunge tu. Nimelia mbele za watu.

Masikini Mama! Anaililia redio, anaona haya kusema. Sauti yangu mimi ataifanyia nini, na dunia nzima ipo hewani? Nimeshaamua. Nafunga waya mrefu zaidi hapa, nijaribu, kisha naupeleka Mbagala juu ya bati la Ridhiwani. Jioni hii Mama amenipigia tena na tena. Sikupokea. Nilikuwa juu ya mnazi.