Mfalme wa Alizeti Ahama Mtandaoni

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeona ukuu kwa macho yangu. Nilikaa juu ya gunia la mashudu, nikaandika kwenye simu "mafuta ya alizeti Iramba", nikabonyeza. Wa kwanza: sisi! Alizeti Kinampanda, tovuti niliyoitengeneza mwenyewe enzi zile mashine yetu ya kukamua bado inang'aa. Juu ya wote! Godfrey wa Ulemo, mwenye mashine kubwa kuliko yetu na bango lenye picha yake mwenyewe akicheka, ni wa pili. Nikasimama ndipo nikasoma tena. Kitu kama hiki mtu hakisomi amekaa.

Nani katupanga hivi? Gugo, yule wa kutafutia mambo kwenye simu. Anapita kurasa zote za dunia, anazisoma, anazipanga kwa heshima. Alipofika Kinampanda akasema hawa watangulie.

Ila jina! Alizeti Kinampanda. Mtu hawezi kutangulia duniani kwa jina la kituo cha basi. Nimelifikiria tangu uji wa asubuhi, na jipya limekuja lenyewe: Mfalme wa Alizeti. Nimeshalichukua. Anwani mpya kabisa! Yunisi sijamwambia. Mke wangu anakamua, anachuja, anaongea na wateja. Mambo ya juu ni yangu.

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia Eliana, mdogo wake Yunisi, anayetengeneza tovuti za watu Singida mjini. Nikamuuliza mtu akiwa na anwani mpya anafanyaje ili wageni wa anwani ya zamani wafike. Akauliza kwanza kwa nini tunahama. Nikasema ni ukuaji.

Kisha akanifundisha, na mpaka sasa sijatulia. Kumbe kuna njia mbili za kuwaelekeza watu! Moja ni ya kudumu, nyingine ya muda. Kila moja ina namba yake: mia tatu na moja, mia tatu na mbili. Namba moja tu ya tofauti, na dunia nzima inageuka! Akasema, "Shemeji, kama mnahama kweli, weka ya kudumu. Gugo akija anakuta mmehama moja kwa moja, basi anachukua heshima yenu yote anaipeleka anwani mpya. Ukiweka ya muda anajua mtarudi. Anaiacha ya zamani kwenye orodha, anawasubiri." Akaongeza kwamba nikishachagua nisiguseguse tena, maana kazi hiyo inachukua wiki kadhaa.

Heshima inahamishika! Kama ng'ombe! Nimetembea shambani nikilirudia neno hilo.

Nikawaza barabara ya mlima wa Sekenke. Ile njia mpya walipoimaliza, magari yalihama yote, ya kona kona ikabaki na nyani. Hiyo ndiyo ya kudumu. Lakini barabara ikiwa inatengenezwa, wanachonga mchepuko pembeni, unapita huko siku chache, unarudi. Hiyo ya muda.

Sasa akili yangu ikafanya kazi. Kudumu ni neno zito. Mtu anafanya mambo ya kudumu akioa na akifa. Na kama ya muda inaiacha anwani ya zamani kwenye orodha, na ile mpya nayo Gugo ataiona akipita, si tutakuwa wa kwanza NA wa pili? Godfrey wa tatu! Eliana ni msomi lakini hili hakuliona.

Nimeweka ya muda.

Alhamisi, 5 Juni

Mfalme haonekani popote. Anwani ya zamani iko palepale juu. Nimeshuka ukurasa baada ya ukurasa mpaka bando likakata. Nimemkuta muuza masufuria wa Nzega. Nimemkuta mtu anayeuza picha ya ua la alizeti. Mfalme hayupo.

Nikampigia Eliana uani. Akasema si ndicho alichonionya, nibadilishe niweke ya kudumu au nirudi nilikotoka. Nikapandisha sauti, mtandao ulikuwa mbovu. Nikasema, "Eliana, hapana! Ya kudumu sitaki, itanifunga! Mimi nataka mchepuko tu, wa muda, na Yunisi asijue!"

Nikageuka. Mama mkwe, Mama Febronia, alikuwa mlangoni na ungo wake. Alikuwa amekuja kutusaidia kupepeta.

Nikainama, nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuninyima marahaba. Akaweka ungo chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akaingia ndani kwa Yunisi.

Nimejificha nyuma ya mashine. Naandikia huku.

Ijumaa, 6 Juni

Kikao. Mama Febronia kwenye kiti, Yunisi kwenye kigoda, mimi nimesimama. Mama Febronia aliongea Kinyiramba mfululizo bila kumeza mate. Ametaja ukoo wangu wote hadi waliokufa. Yunisi akampigia mdogo wake, akaweka simu sauti kubwa ili wote tusikie.

Eliana alieleza kila kitu. Yunisi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashuka kwenye kigoda akakaa chini. Mama Febronia hakucheka. Aliuliza huyo Gugo ni mtu wa wapi na kwa nini anaandikiwa mambo ya nyumba ya watu.

Kisha Yunisi naye akaacha kucheka. Akauliza nani kaniambia tubadilishe jina. Akasema kuna mama anaitwa Joyce, ananunulia mafuta majiko ya shule kule Dodoma. Ametuona mtandaoni, akaandika kupitia tovuti kwamba Jumatatu yuko Iramba na atapiga simu akifika Kiomboi. Namba yetu iko kwenye huo ukurasa. Majirani wamemwaga alizeti yao yote kwetu kwa sababu ya mama huyo. Uani hapapitiki. Akasema, "Amosi, rudisha kama ilivyokuwa. Ukigusa kitu kingine kabla Joyce hajafika..." Hakumalizia. Nilitamani amalizie.

Nikaahidi. Na nilimaanisha, karibu saa nzima.

Lakini kurudi nyuma ni kushindwa. Na hapo ndipo nilipopata wazo ambalo naamini hakuna aliyewahi kulipata.

Jumamosi, 7 Juni

Wazo lenyewe: kwa nini nichague? Anwani ya zamani nimeiacha inaelekeza kwa mpya, ya muda. Na ile mpya nimeielekeza kwa ya zamani, ya kudumu! Mgeni akibisha mlango wowote, anapokelewa. Yunisi ana jina lake, mimi nina langu. Haki kwa wote.

Nikafungua kutazama.

Ukurasa ukawa mweupe. Simu ikawaza. Mwisho ikaandika kwamba ukurasa huu umenielekeza mara nyingi kupita kiasi. Nikaelewa taratibu: ya zamani inasema nenda kwa mpya, mpya inasema nenda kwa ya zamani, na mgeni anazunguka humo kama kuku aliyefungiwa kwenye gunia. Hafiki kamwe. Mimi, Amosi wa Kinampanda, nimetengeneza kitu kisicho na mwisho! Kwa muda nilisahau kuogopa.

Kisha nikaogopa.

Jumapili, 8 Juni

Sikusikia mahubiri. Baada ya ibada nikaingia nyuma ya kanisa, nikaifuta ile ya kudumu. Nikafungua. Bado inazunguka! Nikazima simu, nikawasha. Inazunguka! Nikamwandikia Eliana. Akajibu kwamba simu ikishaambiwa jambo ni la kudumu inaliamini na kulitunza, hairudi kuuliza tena. Niiache hivyohivyo, nisiguse, simu za wengine zitafungua vizuri.

Simu ina kumbukumbu kama mama mkwe. Nimeitazama kwa heshima mpya.

Ila sikumwamini. Ninachokiona kwa macho si nitakiamini zaidi? Labda tatizo ni kwamba moja ilikuwa ya muda na nyingine ya kudumu, hazilingani nguvu, zinavutana. Nikairudisha, na zote mbili nikazifanya za kudumu. Sasa ziko sawa.

Yunisi ameuliza kama nimerudisha kama ilivyokuwa. Nikajibu kwamba mambo yamelingana.

Jumatatu, 9 Juni

Yunisi amevaa kitenge chake cha kwendea harusi. Mafuta yamepangwa kwa madumu, yamefutwa vumbi. Majirani wamekuja wamevaa viatu. Simu ya Yunisi mezani, katikati, kama mgeni wa heshima.

Haikulia.

Mchana haikulia. Alasiri mtu akapita kutoka Ulemo, akasema gari la Dodoma limeshinda kwa Godfrey, na mama mmoja mnene mwenye miwani anaonja mafuta kwa kidole. Yunisi alinitazama. Akachukua simu yangu bila kuomba, akaandika jina letu. Ikazunguka mkononi mwake.

Nilingoja anifokee. Hakufoka. Aliingia ndani, akavua kitenge, akatoka na nguo za kazi, akaanza kufagia uani ambapo palikuwa pasafi. Majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Mzee Enock peke yake ndiye aliyeuliza kama alizeti yake airudishe nyumbani, na aliuliza kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Sijala.

Jumanne, 10 Juni

Siamini ninachokiandika. Asubuhi pikipiki imeingia uani, na nyuma yake gari la Dodoma. Juu ya pikipiki: Godfrey! Yule wa bango!

Alisalimia, akamwamkia Mama Febronia vizuri kabisa (yeye aliitikiwa). Akamwambia Yunisi kwamba mama huyu jana alinunua aliyokuwa nayo yeye, lakini hayakutosha, na tangu afike alikuwa anaulizia ya Kinampanda. Akasema, "Tovuti yenu inamzungusha mama wa watu. Nikaona nimlete mwenyewe. Mafuta ya Yunisi nayajua, yanachujwa." Akawasha pikipiki.

Nilimfuata hadi barabarani kutafuta hila. Nilimuuliza anataka nini. Akasema anataka kuwahi Ulemo, kuna mtu anamsubiri na magunia. Nikabaki nimesimama kwenye vumbi lake. Nimeiangalia orodha ya Gugo miaka yote nikimwona mtu huyu chini yangu, na sikujua yupo hivyo!

Joyce alionja kwa kidole, akanusa, akaonja tena. Akachukua yote. Yote! Mzee Enock aliinua mikono kama yuko kanisani. Yunisi alikuwa anacheka na kulia, na mimi nikalia tu.

Wakati wa kupakia, Joyce akauliza nani anashughulikia tovuti yetu. Yunisi akajibu, "Nilimwachia mume wangu. Kwa muda."

Jumatano, 11 Juni

Eliana amekuja kwa basi la Singida. Amekaa kivulini na kompyuta yake. Ameondoa nilivyoviweka vyote. Alizeti Kinampanda ibaki ilipokuwa. Mfalme aelekezwe kwake, ya kudumu, mara moja, basi. Kabla chai haijapoa alikuwa amemaliza. Mimi nilihangaika wiki nzima!

Amebadilisha neno la siri. Amemnong'oneza Yunisi. Mama Febronia naye amenong'onezwa, ingawa hana simu.

Jumamosi, 5 Julai

Tumerudi! Tulikuwa tumeshuka nyuma ya muuza masufuria, na tangu Jumatatu tuko juu tena, tumetulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Gugo amesamehe. Nimemwonyesha Mama Febronia. Ametazama, akasema maandishi ni madogo. Lakini nilipomwamkia aliitikia marahaba, nusu yake.

Na habari imesambaa! Jana alinipigia mtu anaitwa Peniel, anauza asali Kilimatinde, tovuti yake inajulikana hadi Arusha. Amesikia kwamba kuna bwana Iramba alishuka mpaka chini kabisa akapanda tena juu. Anataka kubadilisha jina, anaogopa kupoteza heshima. Akauliza kama namjua mtaalamu.

Nikamwambia ameshampata.

Akauliza kama si vizuri tumuulize kwanza mtu wa mjini. Nikamtuliza. Nikamweleza kwamba wengi wanakosea kwa sababu wanachagua njia moja, wakati namba ziko mbili, na mimi nimezijaribu zote kwa mikono yangu. Sauti yake ilibadilika. Nilisikia jinsi alivyoshangaa. Akanipa neno la siri palepale kwenye simu.

Nimefanya kazi tangu asubuhi. Asali yake sasa ina anwani tatu, na kila moja inaelekeza kwa mwenzake. Nimetazama sasa hivi: ukurasa ni mweupe, unawaza.

Hiyo ni kawaida. Mitambo nayo, ikikutana na kitu kikubwa, lazima ishangae kwanza.