Chokaa Juu ya Alama za Mlangoni

Jumanne, 4 Agosti

Mama watoto ameondoka asubuhi kwenda kwa dada yake. Atarudi Jumapili pamoja na binti yetu, ambaye hatujamwona miaka mitatu, na mjukuu ambaye hatujawahi kumbeba. Sebule yote ni yangu! Nitaipaka chokaa mwenyewe. Si rangi ya kopo, ile inayong'aa kama kipara cha baba mkwe. Chokaa. Nyeupe tulivu, yenye mawingu ndani yake. Nimeiota mara tatu wiki hii.

Yeye alitaka tumwite fundi wa rangi, jirani yetu, tunayemwita Bwana Taratibu. Nikasema fundi wa nini na mimi nipo? Akautazama mlango wa jikoni niliotengeneza mwaka jana, unaofunguka kwa kusukumwa na goti. Kisha akanionyesha ukuta kando ya mlango wa sebule, penye alama za penseli alizompimia binti yetu kila mwaka, tangu mwaka mmoja hadi kumi na miwili. Anataka kumpima mjukuu papo hapo. Akasema nikitaka nimpake hata jogoo wa jirani, lakini hapo nisiguse. Nikaapa.

Jumatano, 5 Agosti

Chokaa imelala ndooni. Asubuhi nimeikoroga, nyepesi kama maziwa. Nimelowesha ukuta, nimechovya brashi, nimeanza. Huku, kule, juu, chini. Mkono unakwenda wenyewe. Nimejisahau kabisa. Sijui hata nilikuwa nawaza nini, ila kilikuwa kitu kizuri.

Hakuna kitu! Ukuta mzima nimepaka na uko vilevile, kijivu, umelowa tu. Muuza chokaa kaniuzia maji! Nimeongeza chokaa ndooni, nimepaka mkono wa pili juu ya ule wa kwanza hapohapo. Bwana Taratibu kachungulia dirishani na kikombe chake cha chai. Akasema mzee mwenzangu, iache ikauke kwanza. Nikamshukuru kwa meno tu. Wivu wa kazi huo.

Nilipofika karibu na mlango, tone likadondoka juu ya alama ya miaka saba. Nikasogeza macho. Ipo! Inaonekana vizuri kabisa kupitia chokaa. Nikapaka kidogo kwa makusudi. Ipo! Kumbe chokaa haifichi kitu. Kwa nini basi niache kiraka kichafu katikati ya wingu langu? Nimepaka pote, mikono miwili. Alama kumi na mbili zinanitazama kutoka ndani kama samaki wadogo majini. Mama watoto atalia.

Alhamisi, 6 Agosti

Nyeupe! Nimeingia sebuleni nikasimama mlangoni kama mgeni. Ukuta umegeuka wenyewe, bila kelele. Mwanga wa asubuhi unaugusa na hautaki kuondoka. Nimekaa sakafuni saa nzima, chai ikapoa. Nimefikiri kuhusu mawingu.

Halafu nikageuka kutazama kando ya mlango.

Nyeupe na hapo. Hakuna mwaka mmoja, hakuna saba, hakuna kumi na mbili. Nimekwangua kwa ukucha, plasta ikaanza kutoka na chokaa yake. Nimeacha. Nimeogopa, na si ugomvi tu ninaouogopa. Alama ya miaka tisa nilishika rula mimi. Mtoto alikuwa amesimama kwa ncha za vidole akidhani sioni. Nilijifanya sioni.

Ijumaa, 7 Agosti

Mpango! Nitazichora upya. Nimefungua sanduku la nguo za zamani, nimepima sketi tatu za shule na gauni moja. Nimetazama picha ambayo binti amesimama kando ya friji. Friji bado ipo. Hesabu ni hesabu.

Bwana Taratibu kachungulia tena. Akauliza kwa adabu kama binti yangu alikuwa na kawaida ya kupungua, maana miaka mitano yuko juu kuliko sita. Nimefuta, nimerekebisha. Akasema za zamani hazijapotea, kuna njia rahisi mno ya kuziona. Nikamwambia sijamuuliza. Nimefunga dirisha.

Jumamosi, 8 Agosti

Alama kumi na mbili, safi, na namba nimeiga mwandiko wa mama watoto. Nimeziegemea kuzilinganisha. Mgongo wa shati umekuwa mweupe. Ile chokaa niliyoongeza inamshika kila anayeegemea! Nimesogeza viti vyote katikati ya chumba. Nitasema ndiyo mtindo.

Jumapili, 9 Agosti

Wamefika. Mama watoto ameingia, ameweka mkoba chini, ametazama kuta zote. Akasema pazuri. Akarudia: pazuri! Ningeweza kufa wakati huo nikiwa na amani.

Akamsimamisha mjukuu penye alama. Mtoto ana mwaka na nusu na kikombe cha maji. Kageuka, kaumwagia ukuta maji yote. Doa likatanda. Nasi sote tukiangalia, ndani ya doa zikaanza kupanda alama nyingine, polepole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeamka. Za mama watoto. Za kweli. Kando ya zangu. Binti yangu wa miaka mitatu nilikuwa nimemrefusha kiganja kizima.

Mama watoto akaniuliza, kwa upole wa kutisha, huyu binti wa pili nimezaa na nani. Binti akacheka mpaka akaegemea ukuta, akatoka na mgongo mweupe.

Mama watoto akaenda kuchukua kitambaa, akakilowesha, akaugusa ukuta kutoka chini kwenda juu. Mbili, tano, saba. Kwenye tisa nikasema alisimama kwa vidole. Binti akashtuka: baba ulijua? Mama watoto akafuta macho. Mimi pia, ila yangu ni chokaa. Tukampima mjukuu. Kisha ukuta ukakauka, mabinti wote kumi na wawili wa kweli wakarudi ndani ya chokaa. Mama watoto akasema waache walale humo, akiwahitaji atawalowesha. Na mimi nisiuguse tena ukuta huu maisha yangu yote. Nikaapa.

Jumatatu, 10 Agosti

Wamekwenda sokoni wote watatu. Nyumba kimya. Nimeutazama ukuta muda mrefu, nikaona shida iko wapi. Maji hukauka. Mafuta ya kupikia hayakauki! Mkono mmoja tu wa mafuta, na alama zitaonekana milele. Mama watoto atalia.

Bwana Taratibu amepita dirishani, kaona brashi, kaona chupa. Kaweka kikombe chini na kukimbia. Sijawahi kumwona akikimbia! Mlango wa mbele nimeufunga kwa ufunguo. Sasa hivi ninapoandika anasukuma ule wa jikoni, kwa mabega na mikono yote miwili.

Hajui goti. Nina dakika kumi nzima.