Miwani ya Mama Mkwe na Herufi za Nusu Milimita

Kwa Daktari wa Macho,
Chumba namba nne, ghorofa ya kwanza.

Ndugu Daktari,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MIWANI INAYOFANYA KAZI KUPITA KIASI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na macho yako pia. Mimi ni fundi wa mabango. Yale maandishi mekundu, USIEGESHE GARI HAPA, kwenye ukuta wa kliniki yako ni kazi ya mkono wangu, na nimeona kwamba gari lako huegeshwa chini yake kila siku. Sikulaumu. Kwa miaka ishirini na sita nimeandika herufi zenye kimo cha mtoto wa shule, na sijaona mtu aliyetii hata moja. Nalitaja hili ili ujue unaandikiwa na mtu mvumilivu, asiyelalamika mpaka maji yamfike shingoni.

Wiki tatu zilizopita ulimpima macho mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ukampa miwani. Kabla ya hapo alikuwa haoni kitu kidogo kuliko kikombe. Sasa anaona kila kitu, na Jumamosi hii anahama nyumbani kwangu kwenda kwa mwanawe wa kiume. Mke wangu amekata kauli kwamba mama yake akitoka, yeye anamsindikiza, na siku ya kurudi hakuitaja. Kwa hiyo naomba unisikilize hoja kwa hoja.

1. Hukuniuliza. Ulimwuliza mama kama ana sukari, kama ana presha, kama macho yanamwasha. Hukumwuliza anaishi na nani, na huyo mtu ana mashine gani stoo. Ungeuliza, ungeambiwa kwamba mkwewe ana mashine ndogo ya leza, ya kujifurahisha tu, inayoenea juu ya kimeza, na kwamba burudani yake baada ya kazi ni kuchonga maandishi madogo sana.

2. Umeharibu sanaa. Herufi ya nusu milimita haiji kwa bahati, Daktari. Zangu za mwanzo zilitoka kama mstari wa masizi. Nilijifunza kupunguza nguvu ya mwale, kupima umbali wa leza kwa kipande cha kadi, kubandika utepe wa karatasi juu ya mbao ili moshi usiache doa, na kuzibembeleza nyuzi za mbao, ambazo kila moja huungua kwa kasi yake. Kitundu cha herufi "e" peke yake kilinichukua miezi miwili, maana kilikuwa kinaziba. Siku nilipokiona kimefunguka, kwa kioo changu cha kukuzia, nilitokwa na machozi. Nilipowaonyesha wa nyumbani, waliona kikwaruzo. Mke wangu aliniuliza nani amekwaruza kijiko. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kama hakuna anayesoma, basi ninaweza kuandika chochote.

3. Nikaandika. Mimi si mtu wa kujibizana na wakwe. Kwa miaka minne nimekuwa nikimeza maneno mezani na kuyatema stoo. Kwenye mpini wa kijiko cha mama: "Chumvi ilikuwa imetosha." Nyuma ya rimoti: "Na sisi wengine tuna macho." Kwenye mwiko: "Nilisifu mchuzi kwa ajili ya amani." Kwenye fremu ya picha ya harusi: "Ulimwambia mpiga picha asogee kushoto, ndiyo maana sina sikio." Chini ya mkono wa kiti cha sebuleni: "Kiti hiki kilikuwa changu mpaka ulipokuja kwa wiki mbili." Haya yote aliyasoma asubuhi moja, siku ya pili ya miwani yako, akizunguka nyumba kama mkaguzi wa shule. Hata kifuniko cha birika hakukiruka.

4. Nimewekwa kiti moto mbele ya shemeji yangu, huyo kaka wa mke wangu, aliyekuja Jumapili kusalimia. Baada ya chakula mama alivileta vyombo vyote mezani, akavisoma kimoja kimoja kwa sauti ya taarifa ya habari. Alipofika kwenye mwiko akaurudia. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa. Mke wangu hakucheka. Alikichukua kioo changu cha kukuzia, akasema ni kielelezo, akakificha. Mama naye akavua miwani, akaikunja, akasema, "Kumbe nimekaa sana," akaenda kutafuta begi. Tangu siku hiyo hajatia chumvi kwenye chakula chochote. Kiti amenirudishia. Nimekikalia mara moja tu, nikainuka, na sasa hakuna anayekikalia.

5. Liko jambo moja bado, na hili ndilo linaloninyima raha. Nimechonga pia fimbo yake ya kutembelea, chini kidogo ya kishikio, mahali ambapo kiganja chake hufunika. Niliichonga mwaka juzi, alipoanguka uani akalazwa siku tisa. Hajayaona maneno hayo kwa sababu fimbo haimtoki mkononi. Siwezi kukuandikia yanasemaje. Hayo mengine nimeyabeba, lakini akiyasoma hayo sitajua pa kuuweka uso wangu.

6. Sasa tuulizane, mkosaji ni nani? Tusi ambalo hakuna awezaye kulisoma bado halijamtukana mtu. Kwa miaka minne nyumbani kwangu palikuwa na vijiko, mwiko na fremu, vyote vina amani yake. Umekuja wewe na vioo viwili, ukavigeuza kuwa matusi. Kwa hiyo, ukilitazama suala hili kwa utulivu, mwandishi wa maneno hayo ni wewe. Nakusihi uje umwombe radhi mama mkwe wangu kabla ya Jumamosi, saa nne asubuhi, ukiwa umevaa koti jeupe ili aone uzito wa jambo.

7. Ukishaomba radhi, nina maombi mengine madogo. Mwite mama, mwambie miwani inahitaji marekebisho, kisha uipunguze nguvu kidogo kidogo mpaka asione kitu chini ya ukubwa wa ukucha. Hilo likishindikana, tupe sote nyumbani miwani ya kupunguza kuona, ili tulingane. Na hilo nalo likishindikana, upeleke shauri kwa wakubwa wako litolewe agizo kwamba mtu yeyote wa familia haruhusiwi kusoma herufi za chini ya milimita moja bila kibali cha maandishi cha aliyeziandika. Bango la agizo hilo nitalichora mwenyewe, kwa rangi nyekundu, herufi za mita nzima. Najua hakuna atakayelitii, lakini litakuwepo.

Nisalimie wauguzi wote, na wale wanaosubiri kwenye benchi la koridoni. Msalimie pia yule dada wa mapokezi aliyempa mama kitambaa cha kufutia vioo, ingawa naye mkono wake umo katika jambo hili. Gari lako nalo nalisalimia.

Ni mimi, mwenye macho mazima kabisa, na wala si mtu wa makuu,

Fundi Mabango

Nyongeza: Barua hii haijapata bahasha, na leo ni Jumatano ya wiki iliyofuata. Jumamosi ile, mama alihitaji mikono yote miwili ili afunge begi, akailaza fimbo kitandani. Akaona. Pameandikwa: "Mama, usianguke tena. Siku tisa nyumba imekuwa kimya, hata kiti sikitaki."

Alikuja mpaka mlango wa stoo. Nilikuwa najifanya nasafisha brashi. Aliniambia tu kwamba kwenye "usianguke" herufi ya mwisho imeziba. "Futa lenzi ya hiyo mashine yako, baba," akasema, akanipa kitambaa chake cha miwani. Kisha akarudi chumbani kulifungua begi. Mchana alitia chumvi kabla ya kuonja, akatia na kwenye sahani yangu, akaenda kukaa kwenye kiti. Daktari, nimeandika kwa miaka ishirini na sita, na huyu ndiye mtu wa kwanza kunisahihisha.

Jumapili walinituma dukani, wakaiwasha mashine wao wenyewe, mke wangu akiandika kwenye kompyuta inayoiongoza na mama akimwambia maneno. Niliporudi nilikuta mstari kwenye mpini wa brashi yangu kubwa. Mama anasema hilo ndilo jibu lake. Mke wangu amelisoma kwa kioo changu, akafuta macho, akakificha tena kioo. Hakuna anayekubali kuniambia. Simu yangu ni ya batani, haina kamera ya kukuzia. Siku ya tatu sasa naigeuza brashi dirishani, na ninachokiona ni kikwaruzo.

Kwa hiyo futa yote niliyoandika hapo juu. Miwani ya mama usiiguse. Nipe na mimi kama hiyo hiyo, haraka iwezekanavyo. Nitakuja kesho na brashi yangu mkononi, na baiskeli nitaiegesha pale pale ukutani, nyuma ya gari lako.