Mfuko wa Jumamosi

Jumatatu, 6 Julai 1998
Zamu yangu! Wiki nzima mimi ndiye mwangalizi wa aspirateri, ile mashine ya kunyonya vumbi ambayo patron wetu, Mzee Khaled mwenye karakana hii ya useremala, aliinunua bandarini ikiwa imeshatumika. Msumeno na randa zimeungwa nayo kwa mabomba, na unga wote wa mbao unaishia kwenye mfuko mmoja. Siku hizi unga huo ni mali. Makaa hayashuki tena kutoka milimani kwa sababu ya vita, na nusu ya mtaa inapikia unga wa mbao. Desturi ya karakana: unaomwagwa katikati ya wiki wanachukua akina mama wanaongoja langoni, maana hauruhusiwi kulala karibu na vanishi, usije ukashika moto. Wa Jumamosi ni wa mwenye zamu. Mzee Khaled alinikumbusha: mfuko ukifika nusu, mwaga, fungua bomba la mashine inayofanya kazi tu, mengine ziba. Niliitikia vizuri sana.

Jumanne, 7 Julai
Nimefikiri. Nikimwaga kila ukifika nusu, Jumamosi nitapeleka nini nyumbani? Mke wangu Geneviève anapikia kuni mbichi, macho mekundu kila siku. Basi simwagi. Tena nimefungua mabomba yote kwa pamoja, unga uingie kutoka kila upande. Akili hiyo! Birindwa, fundi wa msumeno aliyekimbia Uvira, aliniuliza: "We Moïse, hii mashine inavuta ao inaimba tu?" Patron humpa Birindwa mbao nzuri zote, mimi naachiwa zenye vifundo. Nikamwambia asikilize wimbo. Alicheka, kisha akakohoa.

Jumatano, 8 Julai
Mfuko umenenepa kama mbuzi wa Idi. Hewa nayo imenenepa. Concilie, anayepaka vanishi, alinionyesha kitanda cha bibi harusi: kimejaa chembechembe. Nililaumu upepo wa kiangazi. Akauliza upepo huo umeingilia wapi, kwani madirisha yamefungwa. Sikupenda swali hilo.

Alhamisi, 9 Julai
Birindwa ameanguka. Aliacha msumeno, akakaa juu ya mbao, akawa anatafuta pumzi na haipati. Tulimpakia kwenye kamioneti ya patron. Nilimshika kichwa njia nzima hadi zahanati, na niliogopa kama sijawahi kuogopa, hata usiku wa risasi. Mkewe Daphrose alifika mbio. "Ndugu, ile mashine ilikuwa inatumika muzuri?" Nikasema ndiyo. Kelele ilikuwa inazipiga, si uongo.
Nimerudi kwa miguu. Katika mji huu kila mtu anajua nani kauawa na nani. Birindwa angekufa leo, wangesema ni vumbi tu. Nimeona haya.

Ijumaa, 10 Julai
Mzee Khaled alitoka msikitini, akafungua mfuko mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliumwaga wote langoni, akina mama wakajaza mabeseni wakimwombea dua. Kisha akaziba mabomba yote, akaacha moja. Niliinama kwenye mdomo wa bomba hilo nione tofauti. Kofia yangu ikaondoka! Concilie alicheka mpaka akaweka brashi chini. Patron alisema pumzi ya mashine ni moja. Ukiigawa kote, hakuna anayepata, na mfuko ukijaa, hakuna inapopita. Ameifuta desturi: tangu leo unga wote, hata wa Jumamosi, ni wa langoni, atakayetangulia ndiye atakayechukua.

Jumamosi, 11 Julai
Birindwa amekuja kutusalimu. Amekonda, ila anapumua. Mbele ya wote alinishukuru kwa kumshika kichwa. Nililia, machozi ya kweli. Mzee Khaled aliyaona, akasema mtu aliyeumia moyo hivi hatarudia, akaniachia uangalizi wiki nyingine. Jumatatu Birindwa anarudi kwenye msumeno.
Nimeelewa kila kitu. Kosa lilikuwa kungoja mpaka Jumamosi. Sasa nitamwaga kila siku! Geneviève atasimama langoni na mabeseni yetu, wa mbele kabisa. Tatizo dogo: asubuhi yuko sokoni, hatoki mpaka adhuhuri imepita. Basi mfuko utamsubiri mpaka hapo tu, si zaidi. Birindwa ni mtu mvumilivu.