Nilivyokwenda Kukagua Kambi Nikaishia Kuongoza Sala

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya ukoo mzima. Na ukoo wenyewe si wangu.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitazima simu nilale.

Kwetu tumezaliwa watatu. Mimi niko hapa Louisville, mdogo wangu Nestori yuko Columbus, dada yetu Yoranda yuko Buffalo. Tangu tuletwe Marekani hatujawahi kulala mahali pamoja. Kila mwaka tunapanga, kila mwaka kuna zamu ya kazi, mtoto anaumwa, gari limekufa. Mwaka huu Nestori kanunua RV kuukuu, lile gari lenye kitanda na jiko ndani. Akasema sasa hakuna kisingizio, tukapige kambi kwenye bonde la mto Ohio. (Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma, tukimwomba Mungu atutoe kwenye mahema! Leo tunayatafuta wenyewe.)

Mimi ndiye ninayeishi karibu na mto, kwa hiyo kazi ya kuchagua mahali ikanidondokea. Masharti sasa! Nestori anataka nafasi ambayo gari linaingilia huku na kutokea kule, kwa sababu anajua kwenda mbele tu, kurudi nyuma hajui. Tena iwe na umeme na maji ya kuunganisha. Dada anataka vyoo visafi, uwanja wa watoto, na mahema yakae mbali na maji, maana mto ukifurika hauagi mtu. Watoto wake wanataka intaneti, bila hiyo hawapandi gari.

Jana dada akanipigia. "Kaka, nenda ukapaone kwa macho yako. Nisije nikaendesha siku nzima na watoto nikakuta matope. Kama hapafai tuahirishe tu, tutaonana mwakani."

Hiyo mwakani ndiyo inayoniua. Nisiwafiche, mimi ni mpweke. Nikitoka kazini ghalani nakuta nyumba kama nilivyoiacha, hata kikombe hakijasogea. Nikipika maharage nayala mpaka nayachukia. Kwa hiyo leo nimetoka ibadani moja kwa moja, na suti yangu nyeusi, na Biblia mkononi (ukiiacha garini kwenye jua hili jalada linajikunja), nikaapa sirudi bila nafasi mbili.

Nikafika. Pazuri! Miti ipo, nyasi zimefyekwa, RV zimejipanga kwa adabu. Ofisi sikuiona. Nilichoona ni banda, na chini yake watu wengi wamevaa fulana za rangi moja, rangi ya machungwa. Muziki unalia, kuku wanachomwa, watoto wanakimbizana. Katikati kuna meza yenye keki, na picha kubwa ya mzee amesimama kando ya RV yake, anacheka mpaka fizi zinaonekana. Nikajisemea, mzee anasherehekea kuzaliwa. Nikasogea niulize ofisi iko wapi. Hiyo tu!

Mama mmoja akaniona. Akaitazama suti, akaitazama Biblia, akaja mikono wazi.

"Umefika! Tulikuwa tunakungoja!"

Jamani. Katika nchi hii hakuna mtu aliyewahi kuniambia alikuwa ananingoja, isipokuwa msimamizi wangu wa kazi, na yule hakuwa na furaha. Nilipaswa kuuliza, "Mnamngoja nani?" Kuuliza si ujinga. Lakini mama alinikumbatia kwanza, na mimi nikikumbatiwa akili inalala.

Nikasema, "Asante, barabara ilikuwa nzuri." (Barabara!)

Wakanipa kiti, wakanipa sahani imejaa kuku. Meza haikuwa na nafasi. Palikuwa na chombo kizuri cha shaba chenye kifuniko, nikakisukuma pembeni nipate pa kuweka sahani. Mtu mmoja akakohoa. Nikala. Watu walikuwa wakipita wananishika bega, mmoja akaniongezea soda bila kuulizwa. Nikafikiri, kumbe watu wa huku ni wakarimu, ni mimi tu ninayejifungia ndani. Nilifurahi mno, nisiseme uongo.

Kisha yule mama akagonga glasi. "Sasa mchungaji atatuombea."

Wakanigeukia mimi.

Sikushtuka. Kwetu kanisani kila aliyevaa suti na kushika Biblia anaitwa mchungaji, ni heshima tu. (Mimi naimba besi kwaya ya pili. Hata ushemasi sijapewa.) Na kwetu ukiambiwa uombe, unaomba. Nikasimama, nikafumba macho, nikakifungulia Kiingereza changu cha ghalani.

"Bwana, tunakushukuru kwa mzee huyu wa kwenye picha! Mwongezee miaka! Mguu wake upate nguvu ya kukanyaga breki! Mwakani tukirudi hapa, Bwana, aketi katikati yetu, ale keki kwa meno yake mwenyewe!"

Kimya. Nikadhani ni unyenyekevu. Mara nikasikia mtu analia. Sasa kwetu mtu akilia kwenye maombi, Roho ameshuka hapo, huwezi kupunguza. Nikapandisha sauti.

"Mwinue, Bwana! Mwinue sasa hivi!"

Wakaongezeka wanaolia. Nami nikaongeza! Amina niliitikia peke yangu.

Nikafumbua macho, jasho linatiririka, nikamuuliza bibi aliyekaa karibu yangu, "Mzee mwenyewe yuko wapi, nimpe mkono?"

Bibi akanyoosha kidole kwenye chombo cha shaba. Kilikuwa kando ya mifupa yangu ya kuku.

Ndugu zangu, mzee alikuwa marehemu. Alikuwa majivu. Walikuwa wamekuja kumwaga majivu yake mtoni. Ningejuaje? Hakuna mkeka, hakuna aliyekaa chini, muziki unalia, keki ipo! Kwetu msiba unausikia kabla hujafika mlangoni.

Hapo hapo likaingia gari, akashuka mwanamume wa kaptula na kandambili. "Samahani, nimechelewa," akasema. "Mimi ndiye mchungaji mliyempigia simu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia bibi ukweli wote, maneno yanagongana mdomoni: nimekuja kutafuta nafasi ya RV, nina ndugu Columbus na Buffalo, nimewakumbuka mno, naomba msamaha. Bibi alikuwa mjane wa yule mzee. Alinitazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemmaliza na yeye. Kumbe anacheka!

"Hiyo breki," akasema, akijifuta machozi, "nilimwombea maisha yangu yote. Kaa, umalizie chakula."

Sikuweza. Nikaaga, nikaenda garini, nikampigia dada. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka simu ikamdondoka. Alipoiokota akauliza, "Enhe, na mahali pakoje? Vyoo je? Umeme?"

Sikuwa nimeangalia choo hata kimoja.

Nilijua neno linalofuata ni lile la mwakani. Lakini dada akauliza taratibu, "Kaka, kwa nini hukuwaambia mapema kwamba wanayemngoja si wewe?"

"Walisema walikuwa wananingoja," nikasema.

Nikasikia anapenga kamasi.

"Chukua nafasi hapo hapo," akasema. "Hivyo vyoo tutavizoea. Tunakuja."

Nikaitafuta ofisi, nikaipata nyuma ya miti, nikachukua nafasi mbili za juu, mbali na maji. (Nilizunguka kwa nyuma, banda sikulisogelea tena.)

Basi, mkitaka kunicheka, chekeni kimoyomoyo. Kunicheka kwa sauti nimewawekea ndugu zangu, na mwaka huu watanichekea usoni.